Siagi, Mafuta ya Mgando au Samli: Biskuti za Nyanda za Juu Kusini

Kyela ipo kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo umepanda kupita mita 2,600, na umbali kati ya sehemu hizo mbili, ukipimwa kwa mstari mnyoofu, haufiki kilomita 100. Kipande cha siagi kikiwekwa mezani Kyela saa nane mchana, muda si mrefu kinaanza kutambaa sahanini. Kikiwekwa Kitulo mwezi Julai, kinahitaji kisu na nguvu za mkono. Kopo la mafuta ya mgando likifunguliwa sehemu hizo hizo mbili, kijiko kinazama Kyela bila taabu, na Kitulo kwa taabu kidogo tu. Kwa hiyo anayeuliza kama atie siagi au mafuta ya mgando kwenye biskuti anapaswa kwanza kusema anaokea wapi, kwa jiko gani, na biskuti zitaliwa baada ya siku ngapi.

Nimeichagua Kalenga iwe mahali pa kupimia swali hili. Wengi wanaijua kwa Makumbusho ya Mkwawa na kwa ngome iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Kwa mwokaji, Kalenga ni kijiji kilichopo kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye njia ya kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, penye asubuhi za baridi na mchana wa jua kali, penye wafugaji wa ng'ombe, penye maduka yaliyopanga makopo mengi ya mafuta ya mgando kuliko siagi, na majiko mengi ya mkaa kuliko oveni za umeme. Hali hiyo ndiyo ya vijiji vingi kuanzia Ilula hadi Tukuyu. Nikilitazama swali kutokea hapo, naona tumelipokea likiwa na majibu mawili wakati jikoni kwetu lina matatu. Jibu la tatu ni samli, na naamini baridi ya Nyanda za Juu inaifaa samli kuliko hata joto la pwani ilikozoeleka.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo na ndani ya karatasi. Siagi si mafuta matupu. Katika gramu 100 za siagi, kati ya 80 na 82 ni mafuta, 16 hivi ni maji, na kiasi kidogo kilichobaki ni protini na sukari ya maziwa, pamoja na chumvi ikiwa imetiwa. Mafuta ya mgando, yawe Kimbo, Kasuku au Cowboy, ni mafuta kwa asilimia 100. Blue Band, ambayo ndiyo watu wengi humaanisha wakimtuma mtoto dukani kununua siagi, ni kitu kingine: mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji, na kiasi cha maji hayo hutofautiana kati ya aina moja ya kopo na nyingine. Kimeandikwa ubavuni, na mwokaji anayeuza biskuti zake akisome kabla ya kupima chochote.

Tofauti hiyo ya maji ndiyo inayoamua mambo mengi. Unga wa ngano una protini ambazo zikilowa na kukandwa hushikana na kufanya gluteni, yaani kamba ndogondogo zinazovutika. Kwenye chapati na mkate tunazitafuta kamba hizo kwa nguvu zote. Kwenye biskuti hatuzitaki. Mafuta huzivika chembe za unga kama koti la mvua, maji yakakosa pa kuingilia, kamba zikabaki fupi, na biskuti ikavunjika kwa wepesi mdomoni. Mafuta ya mgando hufanya kazi hiyo kikamilifu kwa sababu hayana maji hata tone. Siagi huifanya huku ikiingiza maji yake yenyewe kwenye donge, kwa hiyo biskuti ya siagi hubaki na ukakamavu kidogo, ule unaotoa mlio ukiivunja. Sidhani kama huo ni upungufu. Ni namna mbili za biskuti, na mlaji ana haki ya kupenda mojawapo.

Kosa linaloharibu trei nyingi hutokea mtu anapobadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo. Chukua donge la kawaida kabisa: gramu 300 za unga, gramu 200 za siagi, gramu 100 za sukari. Ndani ya siagi ile mna mafuta gramu 164 hivi na maji gramu 32. Ukitoa siagi ukatia gramu 200 za Kimbo, umeongeza mafuta gramu 36 na kuondoa maji yote. Biskuti zitatoka zikiwa na mafuta ya kushika vidole na zitavunjika zikinyanyuliwa. Kipimo kinachofaa ni gramu 165 za mafuta ya mgando na vijiko viwili vya mezani vya maji au maziwa, pamoja na chumvi kidogo. Hesabu hii ni fupi, lakini haimo kwenye karatasi nyingi za mapishi zinazozungushwa mafunzoni, na wanawake wanaoanza biashara ya kuoka hupoteza unga na sukari kwa ajili yake.

Jambo la pili ni joto la kuyeyuka. Siagi huachia kati ya nyuzijoto 32 na 35. Mafuta ya mgando yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuoka mara nyingi hungoja hadi zaidi ya 40. Ndani ya oveni muda huo mfupi wa kungoja una maana kubwa: donge la siagi linalegea na kutandaa kabla mayai na wanga havijashika, na biskuti inatoka pana, nyembamba, yenye kingo za kahawia. Donge la mafuta ya mgando linasimama. Alama za uma zinabaki, maua yaliyopigwa kwa kibati yanabaki, na biskuti inakuwa nene na laini. Mwenye kuoka biskuti za nakshi kwa ajili ya harusi au kipaimara anajua kwa nini kopo linamfaa.

Lakini joto lile lile la kuyeyuka lina upande wake mwingine, nao husahaulika. Mdomo wa binadamu una nyuzijoto 37. Siagi huisha yote ulimini. Mafuta yanayoyeyuka juu ya 40 hayaishi, huacha utando kwenye kaakaa, na ndiyo maana baada ya biskuti tatu za mgando mtu huomba chai ya moto. Ukiongeza harufu, mashindano yanakwisha. Siagi ina asidi za mafuta na viini vya harufu ambavyo haviko kwenye mafuta ya mimea yaliyosafishwa, na chembe zake za maziwa zikipata joto hugeuka rangi na kutoa harufu ile inayomfanya jirani aulize kunapikwa nini. Kwa ladha, siagi inashinda, na sioni haja ya kulizungusha jambo hilo.

Kisha kuna hewa. Biskuti nyingi huanza kwa kupiga mafuta na sukari hadi yawe meupe na mepesi, kwa sababu ncha za sukari huchimba vitundu vya hewa ndani ya mafuta, na vitundu hivyo ndivyo vinavyopanuka jikoni. Siagi hukubali kazi hii ikiwa na nyuzijoto 18 hadi 20. Ikipungua hapo ni ngumu, ikizidi sana inamwaga hewa yote. Mafuta ya mgando hukubali katika upana mkubwa zaidi, kuanzia 12 hivi hadi 30 na ushei. Hapa Nyanda za Juu tunakutana na taabu iliyo kinyume cha ile ya Dar es Salaam. Kule siagi ni laini mno tangu inatoka dukani. Kalenga, asubuhi ya Juni au Julai, ni jiwe, na Mbeya usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzijoto 10. Mwokaji mwenye haraka huiweka sufuria ya siagi juu ya jiko, siagi inayeyuka, anaendelea na kazi, na biskuti zinatoka bapa na nzito. Dawa yake ni kuikata siagi vipande vidogo na kuiweka kwenye bakuli lililokaa juu ya maji vuguvugu, huku mkono ukiigusa mara kwa mara. Kidole kikiingia bila kuzama chote, anza kupiga.

Mwinuko nao una sehemu yake, ingawa kwa biskuti si kubwa kama kwa keki. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na Mbeya ni karibu 1,700, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95. Gesi ya bekingi pauda hupanuka zaidi na unyevu hutoka mapema. Mapishi ya pwani yakipandishwa huku, biskuti huvimba kwa pupa kisha huanguka na kutandaa, hasa zikiwa za siagi. Kupunguza bekingi pauda kwa robo na sukari kwa kijiko kimoja kunatosha kuzirudisha kwenye umbo.

Lililo kubwa kuliko mwinuko ni jiko. Vitabu vya kuoka huandikwa kwa ajili ya oveni yenye namba. Wengi wetu tunaoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei au sahani ya bati juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Joto la jiko hilo halilingani, na chini daima ni kali kuliko juu. Protini na sukari za maziwa zilizomo kwenye siagi, zile zile zinazotoa harufu tunayoipenda, ndizo zinazotangulia kuungua. Biskuti ya siagi kwenye jiko la mkaa lisilo na mchanga wa kutosha huwa nyeusi chini na mbichi katikati. Mafuta ya mgando hayana chembe hizo, kwa hiyo husamehe makosa ya moto. Ila nayo yana mtego wake: biskuti hubaki nyeupe hata ikiiva, mwokaji anangoja rangi isiyokuja, na anachopata mwishoni ni biskuti kavu kama kigae. Anayetumia mgando apime kwa kugusa kingo na kwa saa, asipime kwa rangi, au atie ute wa njano wa yai na kijiko cha maziwa ya unga ili kupata rangi kwa njia ya halali.

Nimetaja uhalali, na kwa wateja wetu si jambo dogo. Zamani mafuta magumu ya kuokea huko Ulaya na Marekani yalikuwa ya nguruwe, na Waislamu na Wasabato, ambao wote wapo katika mikoa hii, hawayagusi. Mafuta ya mgando ya mimea yaliondoa hofu hiyo, na ni sababu mojawapo ya haki ya kuyaheshimu.

Historia yake ni fupi na ya viwandani. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza majarini kwa mafuta ya ng'ombe, Napoléon wa Tatu alipotaka kitu cha bei nafuu cha kuchukua nafasi ya siagi. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia gesi ya hidrojeni, na mwaka 1911 kampuni ya Marekani ya Procter & Gamble ikaanza kuuza Crisco, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa njia hiyo. Kutoka hapo hadi makopo ya Afrika Mashariki ni hatua chache. Mafuta haya yalitufikia yakiwa na sifa tatu ambazo siagi haikuweza kushindana nazo: hayahitaji jokofu, hayaozi haraka, na bei yake ni nafuu mara kadhaa. Siku hizi sehemu kubwa ya mafuta yetu ya mgando hutokana na mawese kutoka Malaysia na Indonesia, ingawa michikichi ipo Kigoma, ambako Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alianzisha kampeni ya kuifufua mwaka 2018, na ipo pia Kyela, bondeni tu chini yetu.

Afya inastahili aya moja, nayo iwe ya uangalifu. Kugandisha mafuta nusunusu kwa hidrojeni huzaa mafuta ya aina ya transi, na hayo yana ushahidi mzito wa kudhuru moyo na mishipa. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, Marekani ikaamua mwaka 2015 kuyaondoa kwenye vyakula, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa wito yafutwe duniani kote ifikapo mwisho wa 2023. Mafuta ya mgando yanayotokana na mawese yanaweza kuganda bila njia hiyo, kwa sababu mawese ni magumu kwa asili yake. Kwa hiyo si kila kopo lina kasoro. Linalotakiwa ni kusoma orodha ya viungo, na mahali palipotajwa mafuta yaliyotiwa hidrojeni kwa sehemu, kuliacha kopo hilo dukani. Siagi nayo isipambwe: zaidi ya nusu ya mafuta yake ni ya aina iliyoshiba, kupita hata ya mawese. Biskuti ni kitafunwa cha sherehe na cha chai ya jioni, na mwili unaijua hivyo hata ikiwa imeokwa kwa siagi bora kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya maziwa. Rungwe kaya nyingi zenye shamba la migomba zina ng'ombe wa kisasa. Kitulo kuna shamba la serikali la kuzalisha mitamba. Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, kuna kituo cha utafiti wa mifugo. Iringa kuna kiwanda cha ASAS, na Njombe kuna kiwanda kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia la CEFA, ambacho kimejulikana kwa jibini zake za Kiitalia. Tena tuna baridi. Krimu hutaka kusukwa ikiwa na nyuzijoto kati ya 10 na 15 ili siagi ijikusanye vizuri, na hilo ndilo joto la usiku na alfajiri huku kwetu kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mtu wa Tanga au Bagamoyo anahitaji barafu kupata kile ambacho mtu wa Mafinga anakipata kwa kuacha ndoo ya krimu barazani hadi alfajiri. Na bado, ukiingia duka la Iringa au la Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta siagi halisi, unakuta kipande kidogo cha bei kubwa, mara nyingi kikiwa kimetoka mbali.

Sababu ni hesabu, na hesabu hiyo inaweza kuandikwa. Maziwa ya ng'ombe wa Friesian yana mafuta asilimia 3.5 hivi. Kilo moja ya siagi hutaka lita 23 hadi 25 za maziwa hayo. Maziwa ya ng'ombe wa asili ni mazito zaidi, yanakaribia asilimia 5, kwa hiyo lita 17 au 18 zinatosha, ila ng'ombe huyo anakamuliwa kidogo sana kwa siku. Trei moja ya biskuti zenye gramu 200 za siagi imebeba krimu ya karibu lita tano. Mfugaji anapoweza kuuza maziwa mabichi kwa jirani leo jioni na kupata fedha mkononi, haoni kwa nini asubiri. Sehemu ndogo sana ya maziwa ya nchi hii hupita viwandani, na viwanda vyenyewe hukimbilia maziwa ya pakiti na mtindi, ambavyo hugeuza fedha kwa siku chache.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huishia katikati. Lita 25 zikitolewa krimu, zaidi ya lita 22 hubaki, na maziwa hayo yasiyo na krimu hutengeneza mtindi mzuri. Mfugaji hapotezi maziwa. Anagawa bidhaa moja kuwa mbili. Kinachohitajika ni mashine ya kutenganisha krimu, ambayo ipo hata ya kuzungushwa kwa mkono, na kikundi cha kaya kama kumi zinazoaminiana kwenye vipimo. Krimu ipashwe moto kwanza, nyuzijoto 66 kwa nusu saa, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya Malta, ambayo inawatesa wafugaji wengi bila kutambuliwa. Vyama vya maziwa vimewahi kuundwa huku kwa ajili ya kukusanya maziwa. Ningependa kuona kimoja kinachokusanya krimu, na ningependa mteja wake wa kwanza awe mwokaji wa kijiji kilekile.

Tatizo la siagi hiyo ya kijijini ni jokofu, au ukosefu wake. Siagi ya krimu ambayo haikuoshwa vizuri huchacha baada ya siku chache hata Mafinga. Hapo ndipo samli inapoingia. Siagi ikichemshwa taratibu, maji yanatoka kwa mvuke, chembe za maziwa zinazama na kuchujwa, na kinachobaki ni mafuta zaidi ya asilimia 99. Kilo moja ya siagi hutoa gramu 800 hivi za samli. Inakaa miezi bila jokofu kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Wafugaji wa kanda ya ziwa na ya kati waliuza samli tangu enzi za ukoloni, na wafugaji wanaochunga bonde la Usangu wanaijua hadi leo.

Pwani imeokea samli kwa vizazi. Vileja vya Zanzibar ni biskuti za unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki, zenye tone la rangi juu, na hakuna Idi isiyo na sahani yake. Nankhatai, zilizokuja na Wahindi wa Gujarati, ni za unga wa ngano na samli, na hupasuka juu kwa namna ambayo mafuta ya mgando hayajaweza kuiga. Biskuti hizi zote mbili zina ladha ya siagi na ulaini wa mafuta yasiyo na maji, yaani zimepata kile ambacho Wamarekani hugombania wakichagua kati ya siagi na Crisco. Jibu lilikuwa kwenye kabati la bibi wa Kizanzibari.

Kasoro ya samli huko pwani ni kwamba huwa imeyeyuka karibu mwaka mzima. Haiwezi kupigwa na sukari ikashika hewa, na ndiyo maana vileja ni vizito na hukandwa badala ya kupigwa. Sasa iweke samli hiyo hiyo Kalenga, ndani ya nyumba yenye nyuzijoto 16 au 17. Inaganda, inakuwa na chembechembe, inachoteka kwa kijiko kama Kimbo. Ukiipiga na sukari kwa mwiko kwa dakika kumi, inapauka na kuvimba. Haifiki wepesi wa siagi, lakini inatosha kabisa. Baridi inaipa samli ule mwili inaoukosa pwani. Na kwa kuwa chembe za maziwa zimechujwa, haiungui upesi kwenye jiko la mkaa. Hilo ndilo linalonifanya nisimame upande wake bila kusita: inatatua jokofu, moto na ladha kwa mpigo, na malighafi yake imekamwa kwenye zizi la jirani.

Kuna mahali pawili ambapo ningebaki na mafuta ya mgando. Pa kwanza ni bondeni, Kyela, Pawaga na Usangu, ambako joto la mchana hulegeza siagi na samli vilevile. Huko donge la siagi au samli liokwe alfajiri au lisiokwe. Pa pili ni barabarani. Biskuti zinazouzwa kwa abiria pale Ipogoro, Iringa, hupelekwa na basi kuelekea Dar es Salaam, na basi likishateremka Kitonga linaingia kwenye joto la bonde la Ruaha Mbuyuni, kisha Mikumi, kisha Morogoro. Biskuti ya siagi kwenye pakiti ya nailoni hutoa jasho la mafuta na kulainika kabla ya kufika. Ya mgando inafika ilivyoondoka. Mwokaji wa stendi si mtu wa kulaumiwa kwa kutumia kopo. Amesoma safari ya biskuti zake. Ninachomwomba ni aandike kwenye lebo alichotia. Neno siagi kwenye pakiti ya biskuti za mgando linamharibia soko mama mwingine ambaye amenunua krimu ya kweli kwa fedha za kweli, na biashara ya siagi ya kijijini haitaota mizizi kama mteja hana njia ya kujua anacholipia.

Kwa anayeokea Kalenga, kwa jiko la mkaa, biskuti za kuuzwa shuleni, kanisani na kwenye vibanda vya karibu ndani ya wiki moja au mbili, ningechanganya. Gramu 300 za unga wa ngano, au 200 za ngano na 100 za unga wa mchele wa Kyela. Gramu 100 za samli na 65 za mafuta ya mgando, ili umbo lisimame na ladha ibaki. Gramu 100 za sukari ya kusaga, ute wa njano wa yai moja, vijiko viwili vya maziwa, iliki iliyotwangwa siku hiyohiyo, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na bekingi pauda nusu ya kijiko cha chai. Samli, mgando na sukari vipigwe hadi vipauke, yai na maziwa vifuate, unga uingie mwisho na usikandwe zaidi ya kushikana. Donge lifunikwe na kuachwa nje ya dirisha usiku, kwa miezi ya Juni hadi Agosti, na lisukumwe asubuhi likiwa bado baridi. Mchanga chini ya trei uwe na kina cha vidole vitatu, makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini, na biskuti zitolewe kingo zinapoanza kubadilika, kati zikiwa bado laini kwa kuguswa, kwa sababu zitaendelea kukakamaa zikipoa.